Aliandika programu kabla mashine haijaamka

 

Siku moja baada ya kipindi cha jioni, msichana mmoja alinisubiri mlangoni. Alikuwa mwaka wa pili wa informatike katika chuo cha ufundi kabla ya vita kuwafukuza kijijini, na hii ni mara ya pili familia yake inakimbia. Ordinateri aliyokuwa nayo baba yake aliiuza ili walipe chumba. Mama yake anasema sasa inatosha, aanze kuuza makala barabarani kama wenzake. Akanionyesha kaye mbili zilizojaa maandishi, halafu akaniuliza: «Yaya, mtu anaweza kuendelea kusoma ordinateri bila kuwa na ordinateri? Ama nijidanganye tu?»

Sikuwa na jibu pale pale. Nilimwambia nitatafuta. Nikakumbuka habari ya chuo kimoja cha wafanyakazi huko London, na ya mama mmoja aliyeitwa Kathleen Booth. Nimeisoma tena vizuri, na leo nawasimulia. Si habari ya hapa kwetu, lakini kuna mahali pengi ndani yake ambapo mtajiona.

Chuo chenyewe kinaitwa Birkbeck. Kilianzishwa mwaka 1823 kwa jina la chuo cha mafundi, na mganga mmoja, George Birkbeck, pamoja na wenzake. Wakubwa wengi wa wakati ule waliona ni hatari kumfundisha fundi hesabu na sayansi. Walisema ataanza kuwa na kiburi. Mwaka 1830 wanawake nao wakaruhusiwa kuingia, jambo ambalo vyuo vingi vya Uingereza havikulikubali mpaka miaka mingi baadaye. Mwaka 1920 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha London. Lakini desturi yake haikubadilika: mwanafunzi anafanya kazi mchana, na jioni, akiwa amechoka, anaingia darasani.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, vyuo vingine vya katikati ya London vilihamishwa kwenda mikoa yenye usalama. Birkbeck kilibaki. Mwaka 1941 bomu liliangukia maktaba yake, vitabu vikaharibika, na masomo yakaendelea. Mimi nasimama kidogo hapo. Sisi tunajua maana ya shule iliyogeuka makao ya waliokimbia, na tunajua mwalimu anayefundisha bila ubao. Tukisoma historia ya Wazungu tunadhani kila kitu chao kilizaliwa katika nyumba nzuri yenye kuranti. Hapana. Baada ya vita, maabara ya profesa tutakayemtaja sasa hivi iliwekwa katika nyumba mbili za kuishi, za zamani, ambazo mabomu yalikuwa yamezitikisa.

Profesa huyo ni John Desmond Bernal, mzaliwa wa Ireland. Kazi yake ilikuwa kuchunguza fuwele, yaani vitu kama chumvi na sukari ambavyo chembe zake zimepangwa kwa mstari. Unapiga eksirei kwenye fuwele, mwanga unatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kutoka kwenye madoa hayo unakisia chembe zimekaa namna gani. Shida ni hesabu. Fuwele moja inaweza kudai maelfu ya kujumlisha na kuzidisha, na yote yalifanywa kwa mkono, kwa wiki na miezi. Bernal aliona kwamba bila mashine ya hesabu, watafiti wake watazeeka wakijumlisha.

Ndipo anaingia kijana Andrew Booth, aliyezaliwa mwaka 1918. Baba yake, Sidney, alikuwa fundi wa injini za meli, na Andrew mwenyewe alipenda kutengeneza vitu. Masomo ya udaktari aliyafanya Birmingham, akichunguza fuwele za baruti wakati wa vita, akayamaliza mwaka 1944. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika la utafiti la wazalishaji wa mpira, katika mji wa Welwyn Garden City. Najua neno mpira likitajwa hapa Congo, wazee wanakumbuka mambo ya Leopold na mikono iliyokatwa. Mpira huu haukuwa wa kwetu. Shirika lile lilifanya kazi kwa ajili ya mashamba ya Malaya, ambayo yaliogopa kushindwa na mpira wa kutengenezwa kiwandani. Lakini ni vizuri kujua kwamba mojawapo ya kompyuta za kwanza za Uingereza ilianza kwa feza za mpira.

Mwaka 1946 Bernal alimpatia Booth nafasi ya utafiti pale Birkbeck. Tuangalie namna alivyofanya, maana hapo ndipo penye somo la walimu wetu. Bernal hakuwa mtu wa kompyuta. Hakukaa juu ya bega la kijana akimwambia weka waya huu pale. Alimtafutia ufadhili na nafasi, akamwacha. Pia alimsaidia kwenda Marekani kuona wengine wanafanya nini. Kuna walimu ambao mwanafunzi akijua kitu wasichokijua wao, wanamfunga. Huyu alifurahi.

Katika shirika lile la mpira alikuja pia msichana mmoja, Kathleen Britten. Alizaliwa mwaka 1922, akasoma hesabu, na wakati wa vita alifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege huko Farnborough. Kazi ya kwanza aliyopewa kwa Booth ilikuwa kusaidia kujenga mashine ya hesabu iliyoitwa ARC. Mwanamke mwingine, Xenia Sweeting, alikuwa naye katika ujenzi. Watu watatu basi! Tena mashine yenyewe haikuwa ya kielektroniki kama za leo. Ilitumia rilei, yaani swichi zinazofunguka na kufunga kwa nguvu ya sumaku, za aina ile ile iliyotumika katika simu za waya. Ukiwa karibu nayo unasikia zinagonga.

Mwaka 1947 Andrew na Kathleen walikwenda Marekani kwa miezi kama sita, wakakaa Princeton karibu na John von Neumann, mwanahesabu ambaye jina lake limebaki kwenye mpango wa kompyuta tunazotumia mpaka leo. Mpango huo ni rahisi kuusema: namba unazotaka kuhesabu na maagizo ya kuzihesabu vyote viwekwe katika ghala moja la kumbukumbu, mashine iyasome maagizo yenyewe moja baada ya jingine. Waliposikia hivyo, waliona ARC yao imepitwa. Wakaamua kuibadilisha yote.

Na sasa, wewe msichana uliyenisubiri mlangoni, sikiliza. Mwaka ule ule wa 1947, kabla mashine hiyo mpya haijafanya kazi, Kathleen aliandika karatasi kuhusu namna ya kuipangia kazi. Ordinateri haikuwapo. Kulikuwa na michoro, kalamu na kichwa chake. Alilazimika kuwaza: nikiiambia ichukue namba kutoka sehemu hii, itaiweka wapi? Kisha itafanya nini? Mashine inaelewa namba tu, sifuri na moja, lakini mtu akiandika kurasa nzima za sifuri na moja atakosea kabla ya chakula cha mchana. Kathleen akabuni alama fupi, herufi na mishale, ambazo mtu anaweza kuzisoma na kuzikumbuka. Halafu kila alama inageuzwa kuwa namba ya mashine. Njia hiyo leo inaitwa lugha ya asembli, na Kathleen anahesabiwa kuwa mmoja wa walioianzisha, wengi wanasema wa kwanza kabisa.

Mashine ilikuja kufanya kazi mwaka 1948.

Kulikuwa na shida ya ghala la kumbukumbu. Utaweka wapi namba zote hizo? Booth alijaribu kwanza sahani za karatasi zilizopakwa unga wa sumaku, kutoka chombo kimoja cha ofisi cha kurekodi sauti. Alizizungusha kwa kasi. Karatasi ikakataa kutulia, ikaharibika. Miaka mingi baadaye wengine walifanikiwa na wazo kama hilo, wakatengeneza zile disketi ambazo wakubwa kidogo kati yetu wanazikumbuka. Booth akaacha karatasi, akachukua silinda ya shaba nyekundu na zinki, akaipaka nikeli, akaizungusha chini ya vichwa vidogo vya sumaku vinavyoandika na kusoma. Waliiita ngoma. Ya kwanza ilikuwa ndogo, upana wake kama sentimita 5 tu. Baba yake, yule fundi wa meli, alikuwa na karakana katika kijiji cha Fenny Compton na akasaidia kuzitengeneza. Mtoto anafikiri, baba anachonga. Mimi hapo nimependa sana.

Kompyuta ya kwanza ya kielektroniki ya kundi hilo haikujengwa na Booth mwenyewe. Ilijengwa na mwanafunzi wake, Norbert Kitz, kama kazi ya shahada, kuanzia mwaka 1949 hivi. Iliitwa SEC, yaani kompyuta rahisi. Haikuwa na nguvu nyingi. Lakini kijana aliyejenga mashine nzima mwenyewe, kutoka mchoro mpaka waya wa mwisho, huyo hawezi tena kudanganywa na mashine yoyote. Kitz aliendelea na kazi ya kompyuta, na mwaka 1961 ikatokea sokoni ANITA, kalkuleta ya mezani ya kwanza duniani iliyokuwa ya kielektroniki kabisa. Yeye ndiye aliyeibuni. Kile kikalkuleta anachobonyeza mbadilisha feza pale sokoni, babu yake ni huyo.

Niseme kidogo juu ya hesabu, kwa sababu hapa hakuna haja ya mashine, na mama yeyote wa soko ataelewa haraka kuliko mimi. Mteja anataka vitu 6, kila kimoja franka 9,900. Hakuna mama anayezidisha 9,900 kwa 6 kwa kalamu. Anasema: elfu kumi mara sita ni elfu sitini, toa mia sita, nipe 59,400. Booth alitumia akili kama hiyo kwa mashine. Kompyuta inazidisha kwa kujumlisha mara nyingi, moja kwa kila tarakimu ya 1 iliyo ndani ya namba. Namba 30, kwa lugha ya sifuri na moja, ni 11110. Ukitaka 7 mara 30, njia ya kawaida ni kujumlisha mara nne: 112, 56, 28, 14. Booth akaona kwamba zile 1 zikifuatana, huna haja ya kuzifuata zote. 30 ni 32 kutoa 2. Basi chukua 7 mara 32, ni 224; toa 7 mara 2, ni 14; imebaki 210. Mara mbili tu badala ya nne. Tena njia yake inafaa sawasawa kwa namba za deni, zile zilizo chini ya sifuri, ambazo zilikuwa zikiwasumbua wajenzi wa mashine. Inasemekana aliipata akiwa katika nyumba ya chai. Aliichapisha mwaka 1951, na mpaka leo wahandisi wanaitumia, kwa sura mbalimbali, ndani ya vipande vinavyofanya hesabu.

Mwaka 1951 pia kampuni moja iliyouza mashine za kadi kwa maofisi ilimtuma mhandisi wake, Raymond Bird, kwenda Fenny Compton kwa Booth. Alichukua mchoro wa mashine mpya, akarudi kiwandani, wakaijenga upya kwa nguvu zaidi. Ikaitwa HEC. Kutoka kwenye HEC zilizaliwa kompyuta za biashara ambazo ziliuzwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950, kama mia moja hivi, na kwa wakati ule hiyo ni nyingi sana. Mmoja wa ndugu zake ulipandishwa meli mpaka Calcutta, ukafungwa katika taasisi ya takwimu ya Mahalanobis katikati ya miaka ya 1950. Ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza kufanya kazi India. Kutoka karakana ya kijijini mpaka Calcutta kwa miaka kama mitano.

Feza je? Maana najua mnauliza. Feza zilikuwa shida kama kwetu. Booth alikwenda kuomba kwa mfuko wa Rockefeller, ambako mkubwa wa sayansi alikuwa Warren Weaver. Kwa maelezo ya Booth, Weaver alimjibu kwamba kwa mashine ya kuhesabu tu hawezi kutoa kitu, lakini kama itafanya kazi nyingine isiyo hesabu, kwa mfano kutafsiri lugha, hapo watazungumza. Basi Booth akawa mtu wa kutafsiri! Alianza mwaka 1948 na Richard Richens, mtaalamu wa mimea, wakiwaza namna ya kuweka kamusi ndani ya mashine na kukata maneno katika mizizi na viambishi. Mwaka 1955 Birkbeck walionyesha hadharani mashine yao ikitafsiri sentensi za Kifaransa kwa Kiingereza. Maneno iliyoyajua yalikuwa machache, na watu wengi walioahidi kwamba miaka michache tu mashine zitatafsiri kila kitu waliaibika baadaye. Lakini wanafunzi wa Booth walipata kazi ya kweli humo. Leonard Brandwood alitumia kompyuta kupima mtindo wa uandishi wa Plato ili kujua kitabu kipi kilitangulia. John Cleave alishughulikia Kifaransa, na pia kugeuza maandishi ya kawaida kuwa ya vipofu.

Mwaka 1957 chuo kikafungua idara kamili ya kompyuta, mojawapo ya za kwanza duniani kufundisha kazi hiyo, na wanafunzi wake, kwa desturi ya chuo, walikuja jioni baada ya kazi. Kathleen, ambaye aliolewa na Andrew mwaka 1950 na mwaka huo huo akapata udaktari wa hesabu, alifundisha programu. Mwaka 1958 alitoa kitabu chake cha kufundisha namna ya kuandika programu, wakati vitabu vya namna hiyo vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Alikuwa pia na watoto wawili wa kulea.

Habari haikuisha vizuri pale London. Booth aliomba cheo cha uprofesa na hakukipata. Mwaka 1962 familia nzima ikafunga mizigo kwenda Canada, katika chuo kikuu cha Saskatchewan, na baadaye Lakehead, Ontario, ambako Andrew alikuwa mkuu wa chuo na Kathleen profesa wa hesabu mpaka mwaka 1978. Mimi naona Birkbeck walikosea. Mtu amejenga mashine, amelea wanafunzi, amefungua idara, halafu anahesabiwa mdogo kwa cheo! Uingereza ilipoteza watu hao wawili, Canada ikawapata bure. Hapa kwetu tunaona walimu wanaondoka kila mwaka kwa sababu kama hizo, na nyingine mbaya zaidi, bila mtu kuwauliza wanakwenda wapi.

Kathleen hakuacha. Mwaka 1993, akiwa na miaka zaidi ya 70, alitoa karatasi pamoja na mwanawe Ian kuhusu kutumia mitandao ya neva ya kompyuta kutambua wanyama wa baharini. Andrew alifariki mwaka 2009. Kathleen alifariki Septemba 2022, akiwa na miaka 100.

Nilirudi kumsimulia msichana wetu habari hii yote, mama yake akiwa amekaa kando anapima makala. Nilipofika kwenye hesabu ya 9,900, mama akacheka, akasema: «Hiyo ndiyo wanafundisha chuoni? Hiyo mimi najua tangu zamani.» Binti akachukua kaye, akaandika 11110, akaanza kumwelezea mama yake. Walibishana pale kwa muda, mimi nikasahauliwa.

Sikumwambia kwamba kalamu inatosha. Haitoshi, Kathleen naye alihitaji mashine mwishowe, na mtu wa kumfungulia mlango. Nimezungumza na asistanti mmoja wa informatike, naye pia aliyekimbia vita, anayelala kwa dada yake mtaa wa pili. Hana mshahara wala ordinateri, ila amekubali kusahihisha kaye za vijana. Ataanza Jumamosi saa nane mchana, katika kile chumba cha nyuma tunachotumia kwa klabu ya wasikilizaji. Atakayekuja aje na kaye na kalamu. Kama kuna yeyote kati yenu mwenye ordinateri ya zamani ambayo bado inawaka, hata kwa shida, atuletee habari hapa redioni kabla ya siku hiyo.